Howl's Moving Castle: mshona kofia amsoma mshona kofia mwenzake

Nashona kofia tangu nina miaka tisa. Nalisema hilo kwanza ili msomaji ajue ni jicho gani lililokisoma kitabu hiki. Kofia zangu ni zile za viua, nyeupe, za mkono, wanazovaa wanaume wetu Ijumaa, Idi na siku ya harusi. Kitambaa tabaka mbili, duara la juu, ukuta wa pembeni, halafu vitundu: unatoboa kimoja, unakizungushia uzi, unakaza, unahamia cha pili, mpaka vikishikana ndiyo ua linaonekana. Kofia ya kawaida hunichukua mwezi na nusu nikishona alasiri tu, baada ya kazi za ndani. Ya viua vidogo vidogo hufika miezi mitatu, na macho huuma. Nyingine hubaki hapa Unguja, nyingine huvuka bahari hadi Muscat, ambako kofia ya namna hii wenyewe huiita kumma.

Mtoto wa kaka yangu anasoma Dar es Salaam. Alipokuja likizo alinitolea kitabu mkobani, akasema, "Shangazi, msichana wa humu ni mtu wa kofia kama wewe. Na halipwi." Nikaweka sindano chini.

Kitabu chenyewe ni Howl's Moving Castle, yaani kasri la Howl linalotembea. Kilitoka mwaka 1986. Mwandishi ni Diana Wynne Jones, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1934, akaishi miaka mingi Bristol, akafariki mwaka 2011. Ni hadithi ya mapenzi iliyochanganywa na uchawi mwepesi, uchawi wa jikoni na dukani zaidi kuliko wa vita na mapanga. Nilikisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kamusi pembeni, na kilinichukua wiki tatu. Sentensi zake ni fupi na safi. Palipo pagumu ni pachache, nitapataja.

Kabla ya hadithi kuna maneno machache ya shukrani, na tayari hapo aliniteka. Mwandishi anaeleza kwamba wazo alipewa na mvulana katika skuli aliyoitembelea, aliyemwomba aandike kitabu kiitwacho Kasri Linalotembea. Akaliandika jina la yule mtoto, akaliweka mahali pa salama mno, na tangu hapo hakuliona tena. Basi anamshukuru hivyo hivyo, bila jina. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kazi zetu sisi hazina majina, na mara chache nimemwona mtu akisimama kusema: kuna mkono mwingine hapa, jina lake limenipotea, lakini ulikuwepo.

Sasa hadithi. Tupo nchi ya Ingary, ambako viatu vya kuruka masafa na majoho ya kumfanya mtu asionekane ni vitu vya kweli, na ambako kuzaliwa wa kwanza kati ya watatu ni nuksi. Kila mtu anajua kwamba mkubwa ndiye atakayeshindwa mapema, ili mdogo apite na kufanikiwa. Mwenye kukulia kwenye paukwa pakawa hahitaji kufafanuliwa. Kaka wakubwa wanapotea msituni, kitinda mimba ndiye anayerudi na binti wa mfalme.

Sophie Hatter ni kifungua mimba. Baba yake ana duka la kofia za kike katika mji wa Market Chipping. Baba anafariki, anaacha madeni, maana ada za skuli za binti watatu zimemmaliza. Mama wa kambo, Fanny, anawagawa. Lettie anapelekwa kwa mwoka keki sokoni. Martha, ambaye Fanny amemzaa mwenyewe, anapelekwa kwa bibi mmoja mjuzi wa uganga. Sophie anabakishwa dukani, chumba cha nyuma, apambe kofia: utepe, hariri, manyoya, shela. Ameambiwa anajifunza kazi na siku moja duka litakuwa lake. Mshahara hapewi. Anapanga kumwuliza Fanny, siku inapita. Anapanga tena, na hiyo nayo inapita.

Sura hizo za mwanzo nilizisoma mara tatu. Kuna jambo mwandishi analijua ambalo sikudhani linajulikana na mtu asiyekaa na kitambaa mapajani kutwa nzima: anayeshona peke yake muda mrefu huanza kuogopa barabara. Sophie anataka kwenda kumwona mdogo wake, ni mwendo mfupi tu, anaahirisha wiki hadi wiki. Anapotoka hatimaye ni Mei Mosi, ambayo kwao ni sikukuu ya machipuko, watu wamejaa, vigelegele, na yeye anatembea kwa kubana ukutani. Kijana mtanashati anamsemesha kwa upole, anamwita panya mdogo wa kijivu, anataka kumnunulia kinywaji. Msichana anatetemeka. Fanny ni mama wa kambo wa kawaida tu, hampigi wala hamnyimi chakula. Kilichomfanya Sophie awe mdogo kiasi kile ni kukaa mahali ambapo kazi yake inaonekana na yeye haonekani.

Niseme langu hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda harusi ya mtoto wa jirani. Nikaha ilikuwa msikitini, sisi wanawake tukamwona bwana harusi alipoletwa nyumbani. Alikuwa amevaa kofia yangu. Niliijua kwa ua moja la upande wa nyuma ambalo nilikuwa nimelimaliza kwa uzi wa rangi ya maziwa, kwa kuwa mweupe wenyewe uliniishia usiku ule. Tofauti ile haionekani na mtu ila aliyeishona. Mjomba wa bwana harusi akaisifu mbele za watu, akalitaja duka ilikonunuliwa, akataja na bei. Ilikuwa mara nne ya nilicholipwa. Watu wakasema mashaallah, duka lile wana kazi nzuri. Sikusema kitu. Nilikula pilau, nikaaga, nikarudi nyumbani, na kesho yake nikaanza nyingine.

Kwa hiyo Fanny ninamjua. Martha ndiye anayemfumbua macho dada yake: mama anakutumia, anakuachia kazi yote anakwenda kutembea, na wewe humwambii neno. Na Sophie anafanya nilichofanya mimi. Anamtetea Fanny kwanza, halafu anarudi dukani, anakaa kwenye kiti kilekile, hasira zinamjia kidogo kidogo huku anashona.

Kwa kuwa hana wa kuzungumza naye, anazungumza na kofia. Kila anayoimaliza anaiweka kwenye kigingi chake na kuitabiria. Wewe utaolewa na tajiri. Wewe una siri. Moja iliyokuwa haipendezi sana aliionea huruma, akaiambia kuwa ina moyo wa dhahabu, na mtu wa daraja la juu atauona moyo huo na kupenda. Aliyeinunua kofia ile, mwanamke wa pale pale mjini wala si mrembo wa kutajika, haukupita muda akatoroka na Count wa Catterack. Sophie anasikia habari hizo na hazihusishi na mdomo wake hata kidogo.

Bibi yangu aliyenifunza alikuwa na masharti. Bismillahi kabla ya tundu la kwanza. Usishone umekasirika. Ukiwa na la kumsema mtu, iweke kofia chini, mseme utakavyo, halafu ndiyo uishike tena, maana uzi unasikia. Alikuwa akimwombea mvaaji, hamjui, kichwa hajakiona: Mungu akupe akili ya utulivu, Mungu akuepushe na deni. Sisi wajukuu tulidhani ni mazoea ya wazee. Halafu natoka huko na kusoma kitabu cha mwanamke wa Bristol, na humo ndani hilo ndilo fumbo lote. Maneno huumba. Sophie ana kipaji cha kukitia kitu uhai kwa kukisemesha, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye karibu wakati anafanya kazi.

Mtu wa kwanza kukitambua kipaji hicho ni adui. Mchawi wa Nyika, mwanamke mwenye vito na kiburi, anaingia dukani, anazidharau kofia zote moja baada ya nyingine, kisha anamwambia Sophie kwamba hawezi kumvumilia mtu anayejipima naye. Sophie haelewi anachoshtakiwa. Anarogwa papo hapo, anakuwa kikongwe, magongo ya mifupa na ngozi ya mikunjo, na hawezi kumweleza mtu yeyote kilichompata.

Nilitarajia alie. Anajitazama kwenye kioo, anatulia, anachukua mkate na jibini, anafunga mlango na kwenda zake. Hapa ndipo kitabu kilipoanza kunifurahisha hasa, maana uzee unampa kitu ambacho ujana ulimnyima. Mfikirie msichana wetu aliyezoea kuinama na kutoa shikamoo kwa kila anayepita, ghafla asubuhi moja yeye ndiye wa kuitikia marahaba. Ulimi unafunguka. Anawafokea wanaume njiani. Anamsaidia mbwa, anaisimamisha sanamu ya kutishia ndege iliyoangukia kwenye ua wa miti, anaisemesha kidogo kwa kujifurahisha, naye hajui amefanya nini. Msichana aliyetetemeka Mei Mosi sasa anaamuru kasri zima lisimame ili apande, na linasimama.

Kasri hilo ni refu, jeusi, lina minara minne, linatoa moshi na kutangatanga vilimani juu ya mji. Mwenyewe ni Howl, mchawi kijana anayesifika kwa kula mioyo ya wasichana. Ndani hakuna fahari yoyote. Ni chumba kimoja kichafu chenye meko, sinki, meza ya madawa, na utando wa buibui darini. Mlango wake ndio wa ajabu: una kitasa cha mraba chenye rangi nne, na ukikigeuza unatokea mahali tofauti. Kijani, vilima. Buluu, mji wa bandari wa Porthaven. Nyekundu, Kingsbury kwa mfalme. Nyeusi, sitaisema.

Kwenye meko anaishi Calcifer, jini wa moto, uso wa buluu na nywele za ndimi za kijani. Msomaji wa kwetu atamwelewa haraka, sisi tunaofundishwa tangu chuoni kwamba majini wameumbwa kwa moto. Calcifer amefungwa na Howl kwa mkataba, wote wawili hawaruhusiwi kuueleza. Anampa Sophie sharti: uvunje mkataba wetu, nami nitauvunja uchawi wako. Ni mnung'unikaji, mwoga, mwenye maringo, na kila alipozungumza nilitabasamu. Hakubali kupikiwa juu yake na mtu mwingine ila Howl. Sophie asubuhi ya kwanza anamwinamisha kichwa chini ya kikaango.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sophie hangoji kupewa. Anatangaza kwamba yeye ndiye mfanyakazi mpya wa usafi, hakuna aliyemwajiri, anashika fagio na kuanza. Mpaka hapo nilidhani nasoma hadithi nyingine ya mwanamke anayethibitisha thamani yake kwa kudeki, na sikupenda. Lakini angalia mwandishi anavyoipanga nyumba ile. Michael, mwanafunzi wa Howl, mvulana wa miaka 15, ni yatima wa Porthaven aliyefukuzwa alikopanga kwa kukosa kodi. Alilala kizingitini kwa Howl. Howl hakumwambia karibu, hakumwambia ondoka, akampisha tu, na Michael akaanza kujishughulisha na vitu vidogo vidogo mpaka ikawa ndiyo kwao. Hata Calcifer ana kisa chake cha kuingia, hicho nakuachia. Hakuna aliyealikwa katika kasri lile. Wote walifika wakiwa wametupwa na mahali pengine, mwenye nyumba akashindwa kuwafukuza, akajifanya hajali.

Sophie anaijua nyumba kwa mikono kwanza: jiwe la meko ambalo chini yake Michael huficha pesa ili Howl asizimalize kwa nguo, buibui ambao Howl amekataza wasiguswe, chupa za bafuni zenye dawa za ngozi na za nywele. Hizo chupa alipozisogeza akisafisha, Howl akakosea rangi ya nywele, akatoka bafuni akipiga mayowe, kisha akakaa kwenye kiti na kujimwagia majonzi mpaka ute wa kijani ukaanza kumtiririka na kufunika sakafu. Mwanamume mzima. Na Sophie aliyekuwa hawezi kumwomba Fanny mshahara wake anamkokota kwenda kuoga.

Howl huyo nilimpinga kurasa mia nzima. Ni mzembe wa ahadi, mpenda sifa, anakaa bafuni masaa, anamposa msichana hadi ampende halafu anamwacha. Sophie anasema anateleza kila unapomshika, nami nikasema samaki mkunga huyu. Nikajiuliza, kwa nini mwandishi anampa msichana mzuri mtu kama huyu? Jibu lilinijia polepole, na halikuja kwa maneno matamu, maana matamu hayamo. Wale wawili wanagombana kutoka jalada hadi jalada. Jibu ni kwamba Howl anaona. Tangu mapema alijua kuwa kikongwe huyu amerogwa, hakusema. Mara kadhaa Sophie akiwa hana habari alijaribu kumwondolea uchawi ule, ukakataa. Anakuja kumwambia baadaye, kwa hasira, kwamba mwisho aliamua Sophie mwenyewe ndiye anayependa kujificha.

Nilifunga kitabu hapo. Ilikuwa karibu na magharibi. Kofia nzuri zote alizozitabiria heri, na kila mara alipojisemea yeye alisema nini? Mimi mkubwa, sitafanikiwa. Mimi sina sura. Mimi mzee. Kinywa kile kile kilichomwoza mwanamke wa mjini kwa mtu wa cheo kilikuwa kinajifunga chenyewe kila siku kwenye kile kiti cha nyuma, tangu kabla Mchawi wa Nyika hajafika. Kinyozi hajinyoi, tunasema, na huwa tunaishia kwenye nywele. Bibi yangu alitufunza tumwombee mvaaji. Sikumbuki kama alitufunza tujiombee sisi wakati wa kutoboa.

Kuna mahali pengine palipo na sindano hasa. Sophie anaishona suti ya Howl, ya kijivu na nyekundu, na huku anashona anaiambia kwa kejeli kwamba imetengenezwa kuwavuta wasichana. Alisema kwa kuudhika tu. Matokeo yake mtayaona. Mwandishi ameliweka kimya, bila kupiga ngoma, na msomaji mwenye haraka atalipita. Mimi nilirudi kurasa nyuma kuhakikisha.

Na baadaye kitabuni kunatokea jambo ambalo kwangu ni zuri kuliko busu lolote. Kasri linapaswa kuhamishwa kwa sababu ya kumkimbia mchawi. Howl ananunua nyumba Market Chipping. Ni duka la kofia. Fanny keshaolewa na tajiri, ameliuza. Sophie anarudi kwenye chumba kile kile, kiti kile kile, safari hii na Calcifer mekoni na Michael mezani, na duka linakuwa la maua. Nani angempa mshona kofia zawadi kama hiyo, kurudishiwa mahali alipodogoshwa, pakiwa pake, pakinukia maua ya alfajiri? Nilisoma ukurasa huo mwanangu akinisubiri nimpakulie chakula, nikamwambia angoje.

Sasa kasoro, maana zipo. Mwisho umejaa watu. Mchawi wa mfalme, ndugu wa mfalme aliyepotea, mbwa anayegeuka mtu, sanamu inayoruka kwa mguu mmoja, mwalimu wa kike aitwaye Miss Angorian, wote wanafunguliwa fundo lao ndani ya kurasa chache. Nililazimika kuandika majina nyuma ya karatasi ya uzi. Kuna pia ule mlango mweusi. Nilisema sitautaja, lakini msomaji anayeogopa kupotea na ajue kwamba unatokea Wales, kwenye magari na televisheni, ambako Howl ni Howell Jenkins, kijana aliyesomeshwa sana ambaye dada yake anamwona hasara tupu. Sura ile ni chungu na nzuri. Inaonyesha kwamba si Sophie peke yake asiyethaminiwa kwao. Ugumu wake ni shairi la John Donne, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1631, ambalo linatumika kama laana na kila mstari wake una kazi. Kiingereza cha zamani. Lisomeni mara mbili, msilikimbie, uzi wa hadithi umepita humo.

Fanny naye. Anarudi karibu na mwisho, anamkumbatia Sophie, analia, anaonekana kweli alimkosa. Sophie anamsamehe mara moja. Mimi sikuridhika. Naamini Fanny alimpenda, na naamini pia kwamba mapenzi yake hayakumzuia kula jasho la mtoto. Ningependa angalau mmoja wao aitaje ile pesa.

Na malalamiko ya fundi: mwandishi analijua duka kuliko anavyoijua sindano. Anatuambia Sophie amepamba, amekunja, ameweka utepe, basi. Sikuwahi kujua anaufichaje mwisho wa uzi, au vidole vinamuuma wapi. Mimi hunikaa kwenye kifundo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia, tangu nina miaka ishirini na kitu.

Wengi wataijua hadithi hii kwa filamu ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2004. Mtoto wa kaka yangu alinionyesha kwenye simu yake. Picha zake ni za kutia machozi, kasri limekuwa dude la chuma lenye miguu, na ndani yake kuna vita, ndege za mabomu na miji inayoungua, ambavyo kitabuni havimo. Niliipenda. Lakini kofia zinasahaulika mapema, na ulimi wa Sophie, ambao kitabuni ndio ufunguo wa kila kitasa, kule umebaki kidogo sana. Ukiwa umeona filamu tu, hujakutana na mshona kofia bado.

Kinamfaa nani? Msichana wa miaka 12 na kuendelea. Mama hana haja ya kuogopa, hamna ukurasa wa aibu. Kinamfaa kifungua mimba yeyote aliyeachiwa wadogo na jiko. Mwanafunzi anayetaka Kiingereza cha mazungumzo atapata kizuri, cha watu wanaorushiana maneno. Anayetaka mapenzi ya kukiri kila sura atachoka, kwa sababu neno lenyewe linakuja mwishoni kabisa na halikai muda mrefu. Kati ya nyota tano nakipa nne na nusu, nusu nimeizuia kwa sababu ya Fanny.

Baada ya kukimaliza nilimwambia mwenye duka kwamba kofia itakayofuata ina bei nyingine. Hakupenda. Tukazungumza, akaongeza, si kiasi nilichotaka. Ndani ya ukuta, pasipoonekana na mvaaji, sasa ninamalizia kila kofia kwa ua moja la uzi wa rangi ya maziwa, na uzi mweupe ninao wa kutosha.

Jioni hizi nawasomea wenzangu barazani, watu watano na kofia zao mapajani, nafasiri palepale mstari kwa mstari. Tuko sura ya tano. Mkubwa wetu, ambaye ameshona kuliko sisi sote na sasa haoni vitundu vizuri, huwa hachangii. Jana niliponyamaza kunywa maji aliinua kichwa.

"Yule mama wa kambo keshamlipa?"

"Bado, bibi."

"Basi soma."